Nyapara Aliyefungua Mabati

Jina lake nalijua, lakini mtaani hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa Nyapara tu. Wenye maduka walimwita Nyapara, mafundi walimwita Nyapara, na hata tajiri mwenye jengo, aliyekuwa akija na gari lake kutoka Kizingo kila Jumamosi, alishusha kioo akauliza, "Nyapara yuko wapi?" Leo nikilisikia neno hilo popote, hata akiitwa mtu mwingine, uso hunipata moto. Si kwa alilotutenda yeye, ni kwa tulilomtenda sisi.

Baba ana duka la leso katika Biashara Street, nami bintiye nimelishika tangu nilipomaliza shule. Nyapara tulimjua kabla hajawa jirani yetu. Tulimwona barabara ya Ndia Kuu akisimamia matengenezo ya nyumba za kale, tukamwona nyuma ya soko, tukamwona kila penye jukwaa la mafundi na vumbi la chokaa. Kisha jengo la upande wetu, lililopakana na duka letu ukuta kwa ukuta, likaanza kuongezwa ghorofa, naye akawa wetu wa kutwa.

Alikuwa mfupi, mnene wa shingo, na kila siku alivaa shati lililopigwa pasi kana kwamba anakwenda ofisini. Leso ndogo ya mkono aliikunja akaiweka kwenye ukosi ili jasho lisiuchafue. Shingoni alining'iniza filimbi. Alikuwa Mkristo, mtu wa bara, lakini Kiswahili alikijifunzia kwetu na alikipenda mno. Sisi vijana tulisema "njia" na "chini". Yeye alisema "ndia" na "tini" kama wazee wa Mji wa Kale. Asubuhi akipita mbele ya maduka alitoa salamu duka kwa duka, "Sabalkheri, Bwana. Sabalkheri, Bibi," hamruki mtu. Wazee walicheka kidogo akishapita. "Huyu amekuwa Mmvita kutushinda sisi wenyeji," walisema, na mimi nikidhani ni sifa.

Vituko alikuwa navyo. Kazini hakukubali mtu apande ngazi kabla hajaitikisa mwenyewe, lakini nyumbani kwake alirudi kwa baiskeli isiyo na breki. Akitaka kusimama alishusha kiatu akaburura lami, na mafundi wakamsikia kabla hawajamwona. Nilimwuliza siku moja, "Nyapara, wewe si ndiye wa usalama?"

Akanijibu kwa uso mkavu kabisa, "Mle baiskelini nimo peke yangu."

Nilicheka, naye hakucheka. Baadaye nilikuja kuona kwamba alikuwa amenijibu kweli. Mwili wake mwenyewe aliuchukulia kama mali ambayo angeweza kuiharibu apendavyo. Miili ya watu wengine ndiyo iliyomnyima usingizi.

Vibarua waliokuja na champali miguuni aliwarudisha mlangoni. Lakini alijua kwamba mtu akirudishwa hana ujira wa siku hiyo, na viatu vya kazi hana, kwa hiyo aliweka gunia la viatu vikuukuu alivyookota na kuomba huku na huku. Kibarua aliambiwa achague humo. Mara nyingine mguu wa kulia ulikuwa mkubwa kuliko wa kushoto, na mtu akafanya kazi kutwa akitembea kama bata, wenzake wakimwimbia. Nyapara alisimama pembeni akisema, "Mwimbieni tu. Kidole chake kiko salama."

Misemo yake ilikuwa ya kujitungia. "Ukuta hauna haraka, mwenye haraka ni wewe." "Jiwe haliulizi jina." Fundi akijibu kwamba yeye ana uzoefu wa miaka, Nyapara alimwambia, "Uzoefu wako jiwe halijauona." Maneno hayo aliyarudia mpaka yakachosha. Mafundi waliyasema kabla yake, kwa sauti yake, na yeye akayasema vilevile.

Kilichomsumbua zaidi hakikuwa fundi, alikuwa mpita njia. Nilimsikia akimweleza kijana mmoja aliyelalamika kwamba mabati ya kuzuia barabara yanachukua muda mwingi kusimamisha. Alimwonyesha mama mmoja aliyekuwa amesimama dukani kwetu, akiinua leso kwenye mwanga aone kama rangi imeingia vizuri.

"Wewe umekuja kazini," Nyapara akamwambia, "wajua uko wapi. Una helmeti kichwani, wajua kuna mtu juu yako. Mama yule amekuja kununua leso. Hajui kwamba yuko kazini kwangu. Mimi ndiye ninayepaswa kujua kwa niaba yake."

Mbele ya maduka yetu, basi, alijenga ua wa mabati, na kando yake kijia cha wapita njia chenye paa la mbao nene. Mbao zile zilipangwa mara mbili, moja juu ya nyingine. Watu walipita chini yake kama wanaopita kwenye ukumbi. Mvua ikinyesha walisimama humo wakamshukuru. Jua likiwaka pia. Sisi wenye maduka ndio tuliokuwa hatushukuru, maana duka la leso huuza kwa macho. Leso hutundikwa nje, upepo ukazicheza, na mama anayepita upande wa pili akaona rangi, akasoma jina lililoandikwa, akavuka. Chini ya paa la Nyapara duka letu lilikuwa pango. Tuliwasha taa mchana.

Sasa niseme udhaifu wake, kwa kuwa bila huo mtu hatamwelewa. Nyapara alikuwa hodari wa kusema la, lakini la yenyewe ilimuumiza. Siku moja tajiri wa jengo alikuja na wageni wake, akataka kuwapandisha juu waone bahari. Hakuna aliyekuwa na helmeti. Nyapara akasimama mbele ya ngazi akawazuia, mikono ameifumbata kifuani kama mtu anayeomba msamaha. "Nisamehe sana, Bwana. Nisamehe. Hamtapanda." Tajiri akapandisha sauti, akamuuliza jengo ni la nani. "Lako, Bwana. Nisamehe. Hamtapanda." Hawakupanda. Lakini kutwa ile Nyapara hakula, na Jumamosi iliyofuata alimngojea tajiri na shada la madafu, akayapakia mwenyewe ndani ya gari lake. Fundi aliyemgombeza asubuhi, jioni alimtafuta akampa sigara. Hakuweza kulala na mtu akiwa amemnunia. Na zaidi ya wote, alitaka sana sisi watu wa mtaa tumpende.

Baba aliliona hilo kabla yangu.

Ilikuwa Ramadhani imebaki kidogo iishe. Mauzo ya leso kabla ya Idd ndiyo yanayobeba miezi mingine yote, na mwaka ule wanawake walipita upande wa pili wa barabara wakaenda kwa wengine. Wenye maduka walikwenda kwa Nyapara mmoja mmoja, wakamwomba afungue mabati na kuvunja lile paa mpaka Idd ipite. Akakataa kila mmoja, na kila aliyekataliwa, kesho yake Nyapara alimletea embe au ndizi za kumtuliza. Ndipo baba akasema, "Nyinyi hamjui kumwomba mtu."

Baada ya kufuturu, baba alinituma nimwite. Akaketishwa barazani kwetu, penye mto wa kuegemea, pahali anapoketi mgeni wa heshima. Mimi ndiye niliyemmiminia kahawa na kumwekea halua. Wenye maduka watatu wanne walikuwapo. Baba hakutaja mabati kwa muda mrefu. Alimwuliza habari za nyumbani, za watoto, za kanisani kwake hata. Kisha akamwekea mkono begani.

"Nyapara," akasema, "watu wakikuuliza wewe ni wa wapi, wawaambiaje?"

"Nawaambia natoka bara, mzee."

"Usiwaambie hivyo tena. Wewe si mtu wa bara. Wewe ni mwenzetu. Mimi nakwambia mbele ya hawa."

Wenzake wakaitikia, "Naam, mwenzetu." Nyapara akaangalia ndani ya kikombe.

"Basi mwenzetu," baba akaendelea, taratibu kabisa, "Idd hii hapa mlangoni. Watoto wa wenzako wafe ndaa kwa ajili ya mbao?"

Nyapara alikunywa kahawa, akaomba nyingine. Mwishowe akasema, "Nikifungua, upande huu wa mbele kazi isimame kabisa. Mafundi wote wahamie nyuma. Mpaka Idd ipite."

"Na isimame," baba akasema. "Nani asiyetaka kupumzika?"

Asubuhi mabati yakashuka, na mbao za paa zikapangwa kando. Jua likaingia dukani. Leso zikatundikwa nje, na wateja wakaja mpaka nikachoka kukunja. Baba alikuwa akimsalimu Nyapara kwa sauti ya kusikika mtaa mzima, "Mwenzetu! Waonaje?" naye Nyapara akitabasamu, lakini kila mara macho yalirudi juu. Asubuhi na alasiri alipanda kukagua jukwaa la mbele, ambalo sasa halikuwa na mtu.

Siku moja kabla ya Idd barabara ilijaa hata baiskeli haikupita. Watu walikuwa wamefunga, lakini Nyapara hakufunga, na baba kwa furaha ya mauzo alitaka kumkirimu. Alasiri ile akanituma nimpelekee birika la kahawa, akamwita aje aketi kivulini nyuma ya pazia la leso, asionwe na waliofunga. Ndio wakati wake wa kupanda kukagua. Alisita, akaangalia juu, kisha akaja. Baba alikuwa amesimama amemnyoshea mkono mbele za watu, na mtu hawezi kuuacha mkono hewani.

Kule nyuma fundi mmoja alipungukiwa ubao wa kukanyagia. Akakumbuka jukwaa la mbele halina kazi. Akapita ndani ya jengo, akanyosha mkono dirishani, akauvuta ubao mmoja. Hakujua kwamba juu ya ncha yake ya pili palikuwa na karai lililoachwa mchana ule na kusahauliwa, limejaa vipande vya mawe.

Nilisikia mwanguko, kisha kimya, kisha makelele. Nyapara alikuwa ameshatoka kabla kikombe chake hakijatua. Aliyepigwa alikuwa Bi Rukia, mpishi wa harusi kutoka Majengo, mama anayejulikana mjini kwa pilau lake. Alikuwa amenunua doti mbili za leso kwa jirani yetu na ndio kwanza anavuka. Karai lilikuwa limempata bega. Alikaa pale chini katikati ya mawe, leso zake mpya zimemfunguka mapajani, mkono wa kulia ukining'inia kama si wake, akiuliza kwa sauti ndogo, "Nini? Ni nini?" Nyapara alipiga magoti, akamkinga kwa mwili wake, uso ameuelekeza juu, akipuliza filimbi bila kukoma mpaka watu wakarudi nyuma wote. Hata Bi Rukia alipokwisha kuchukuliwa hospitali, filimbi ilikuwa bado mdomoni mwa Nyapara, na hakuna sauti iliyotoka.

Hakufa. Lakini lile bega lilivunjika vibaya, na mkono wake wa kulia haukuinuka tena kupita kifua. Mpishi wa masufuria ya harusi hawezi kukoroga kwa mkono wa namna hiyo.

Baada ya Idd walikuja wakaguzi. Walisimama pale pale barabarani, tajiri wa jengo amefika, mafundi wamejipanga, na sisi wenye maduka tumesimama vizingitini. Ofisa aliuliza mabati yaliyokuwa yamewekwa yalifunguliwa na nani.

"Na mimi," Nyapara akasema.

"Kwa nini?"

Nyapara aligeuza uso akatuangalia. Hakumwangalia baba peke yake, alituangalia sote, mlango kwa mlango, kama anavyotoa salamu asubuhi. Hakukuwa na hasira usoni. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyebisha hodi.

Baba akakohoa. Akasema, "Ofisa, sisi twauza leso. Mambo ya ujenzi hatuyajui. Mtu wa bara huyu alifungua mwenyewe, na sisi tulimshangaa."

Wenzake wakainamisha vichwa. Hakuna aliyesema naam, na hakuna aliyesema la.

Nyapara akamgeukia ofisa. "Ni kweli," akasema. "Nilifungua mwenyewe."

Kesho yake nilivaa buibui langu nikaenda ofisini kwa yule ofisa, nikamweleza kila kitu: baraza, halua, maneno ya baba. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Dada yangu, nakuamini. Lakini sheria haiulizi nani aliomba, yauliza nani alifungua." Akaniuliza kama baba anajua nimekuja. Habari ilimfikia baba kabla sijafika nyumbani. Hakunigombeza. Alikula chakula changu akiwa ameinama, akasema neno moja tu, "Umenivua nguo." Nikamjibu moyoni, si kwa mdomo, kwamba nguo alizivua mwenyewe mbele ya ofisa.

Lakini nampenda baba, na ndiyo sababu aibu hii haina pa kutokea. Ni mtu anayelisha majirani. Bi Rukia alipokuwa hospitali, alimpelekea vyakula na leso bila kukosa, na alisali mpaka magoti yakamvimba. Kitu kimoja tu hakuweza. Hakuweza kusema, "Nilimwomba."

Chakula kile ndicho nilichokuwa nikikipeleka nilipomkuta Nyapara hospitalini, ameketi kwenye benchi la ukumbini, shati limepigwa pasi, filimbi haipo shingoni. Kazi alikuwa ameshafukuzwa. Binti yake Bi Rukia alikuwa amemzuia kuingia mara kadhaa, naye kila mara alirudi akaketi pale pale. Siku hiyo Bi Rukia mwenyewe akasema, "Mwacheni aingie. Nataka kumwona uso."

Tukaingia pamoja. Bi Rukia alikuwa amelazwa mkono umefungwa kifuani. Akamtazama.

"Wewe ndiwe mwenye kazi ile?"

"Ndimi, mama."

"Ulikuwa wapi?"

Nilidhani angesema alikuwa nyuma, au juu, au popote. Akasema, "Nilikuwa nimeketi nanywa kahawa."

Bi Rukia akafumba macho. "Kahawa," akasema. "Nani alikukaribisha?"

"Nilijikaribisha."

Niliiweka chini chupa ya uji niliyokuwa nimeishika. Nikasema, "Ni sisi, mama. Baba yangu ndiye aliyemwita. Na mabati pia ni sisi tuliomwomba."

Nyapara akanigeukia. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona amenikasirikia. Bi Rukia alitutazama mmoja baada ya mwingine, kisha akageukia ukuta. "Tokeni," akasema. "Nyote wawili."

Ukumbini nilianza kulia. Nyapara hakunibembeleza. "Umemwongezea mzigo," akasema. "Alikuwa na mtu mmoja wa kumkasirikia. Sasa ana mtaa mzima. Na bega ni lile lile."

"Lakini si haki," nikamwambia.

"Kuomba si kosa, mwanangu. Watu wataomba siku zote. Mwenye ndaa ataomba, mwenye haraka ataomba, mwenye mali ataomba. Mimi niliwekwa pale kwa sababu moja tu, nikiombwa niseme la. Baba yako aliniambia mimi ni mwenzenu, nami nikafurahi. Ni furaha yangu iliyomvunja mama yule, si maneno ya baba yako."

Nilitamani angelitukana jina letu. Ningepata cha kumjibu.

Alitoweka mtaani kwetu. Jengo lilimaliziwa na nyapara mwingine, ambaye hakusalimu mtu. Miaka ikapita, na upande wa pili wa barabara wakaanza kujenga nao. Wajenzi walitaka kuweka utepe tu wa rangi, basi. Baba akatoka dukani akawasimamisha kwa ukali. Akataka mabati, akataka paa la mbao, mbao mbili mbili. Akamwonyesha fundi wao mama mmoja aliyekuwa akipita, akasema kwa sauti kubwa, "Mama yule hajui kwamba yuko kazini kwenu!" Wateja wakamsifu kwa busara yake. Mimi niliinama chini ya meza nikajifanya natafuta mkasi, nikakaa huko mpaka wakaondoka.

Mwaka huu baba amezeeka. Macho yamefifia, na hutembea kwa fimbo huku ameshika mkono wangu. Juzi juzi tulikuwa tunakwenda Ndia Kuu kumjulia hali shangazi. Tulipokaribia, tukakuta sehemu ya barabara imefungwa. Nyumba ya kale ilikuwa ikitengenezwa, na boriti ndefu ilikuwa ikiteremshwa kwa kamba kutoka ghorofa ya juu. Mtu mmoja mwenye helmeti na kizibao cha kung'aa alikuwa amesimama katikati ya njia, bendera nyekundu mkononi.

"Sabalkheri, mzee," akasema. "Sabalkheri, Bibi. Niwieni radhi, mngoje kidogo."

Nilimjua kabla hajamaliza. Alikuwa amekonda shingo, na ndevu zimemtoka mvi, lakini chini ya kizibao shati lilikuwa limepigwa pasi. Hakuwa nyapara tena. Baadaye nilisikia kwamba aliitwa kusimamia akakataa, akaomba kazi hii ya kusimama barabarani na kuzuia watu.

Vidole vya baba vilinikaza mkononi. Sauti ile alikuwa ameijua.

Tukangoja. Hapakuwa na mtu mwingine upande wetu, sisi watatu tu, na juu mafundi wakiitana, na ile boriti ikishuka polepole, ikizunguka kidogo, ikisimamishwa, ikishuka tena. Nilikuwa nasikia pumzi ya baba. Alifungua mdomo. Nikajiambia, haya, sasa. Nyapara pia nadhani alisikia ile pumzi, kwa kuwa aliinamisha kichwa upande wetu kidogo, ingawa macho hayakuacha boriti.

"Joto leo," baba akasema.

"Joto kweli, mzee," Nyapara akajibu.

Nilitaka nimsemee baba. Maneno yalikuwa yameshanijaa kinywani, na Nyapara, bila kunitazama, akatikisa kichwa mara moja. Nikayameza.

"Bi Rukia amepata mjukuu," Nyapara akasema badala yake, kwa sauti ya kunifikia mimi tu. "Nilikwenda Jumapili kumwona. Sasa huniachia nimshike mtoto."

"Alikusamehe?"

"Sijamwuliza. Hunipa chai."

Boriti ikatua. Juu wakapiga kelele kwamba njia ni nyeupe. Nyapara akashusha bendera, akatupisha. "Haya, piteni. Mzee, taratibu, hapo pana kokoto."

Tulipita. Baba alitembea haraka kuliko anavyotembea siku hizi, fimbo ikigonga mawe, mpaka tukafika kwenye kona ya nyumba ya shangazi. Hapo akasimama. Akageuka kuelekea tulikotoka, ingawa kwa macho yake asingeweza kuona hata mlango wa jirani.

"Yuko pale bado?" akaniuliza.

"Yupo, baba."

Akashika fimbo kwa mikono miwili.

"Yuwatutazama?"

Niliangalia. Watu walikuwa wamejaa tena upande ule, na Nyapara amenyosha bendera kuwazuia, shingo ameikunja nyuma, jua likimpiga usoni.

"La, baba," nikamwambia. "Yuwatazama juu."